Je, Wajua? Keki, Pilau na Mbwa wa Msasi Singida

Je, wajua kwamba Mkoa wa Singida nao una mwaka wa kuzaliwa? Ni 1963, ulipomegwa kutoka Jimbo la Kati. Wilaya za Ikungi na Mkalama ni vitinda mimba: zilianza 2012.

Je, wajua kwa nini wazee wengi wana tarehe 1 Januari au 1 Julai kwenye vitambulisho vyao? Hawakuzaliwa wote usiku mmoja. Karani alitaka tarehe, na mzee alikuwa na msimu tu: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, mwaka mvua zilipovunja daraja. Fomu haina nafasi ya nzige, kwa hiyo ikajazwa siku iliyo rahisi kukumbuka. Mjukuu akitaka kumfanyia babu sherehe, asherehekee tu tarehe hiyo. Babu hatalalamika, alimradi kuna nyama.

Je, wajua kwamba Mwalimu Nyerere aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha? Hiyo nayo ni kumbukumbu ya kuzaliwa, tena haihitaji karatasi.

Je, wajua kwamba moja ya habari za zamani kabisa zilizoandikwa kuhusu mishumaa kwenye keki ya kuzaliwa ni ya mwaka 1746, Ujerumani, katika sherehe ya kabaila Ludwig von Zinzendorf? Bwana huyo ndiye aliyewapa hifadhi Wamoravian na kuwa kiongozi wao. Wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Mmoravian wa Tanzania anayepuliza mshumaa, basi, hajaiga mbali.

Je, wajua kwamba wimbo unaoimbwa kwenye kila keki duniani ulitokana na salamu ya asubuhi ya watoto wa chekechea? Muziki wake ni wa dada wawili wa Kentucky, Marekani, Patty na Mildred Hill, na ulichapishwa 1893.

Je, wajua kwamba keki nzuri haihitaji oveni? Weka mchanga ndani ya sufuria kubwa, ubandike jikoni hadi mchanga upate moto. Juu ya mchanga weka sufuria ndogo yenye mchanganyiko wako wa unga, mayai, sukari na mafuta ya alizeti (uko Singida, utumie mafuta gani mengine?). Funika kwa bati, kisha pakia makaa mekundu juu ya bati. Siri ni moja: moto wa juu uzidi wa chini. Kinyume chake utapata keki iliyoungua kitako na uji katikati. Chomeka kijiti safi cha ufagio. Kikitoka kikavu, ipua.

Je, wajua kwamba mwenye siku yake humwagiwa maji hata na watu wanaompenda? Wengine huongeza unga na mayai. Maji sawa, ingawa mwezi wa Oktoba, ndoo inaponunuliwa, kikombe kimoja kinatosha. Mayai ni ufujaji. Yaingie kwenye keki.

Je, wajua kwamba mabaki ya sherehe yanaweza kumuua mbwa wa nyumbani? Singida inasifika kwa vitunguu, na pilau bila vitunguu si pilau. Lakini kitunguu, kibichi au kilichopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu kavu za kwenye keki huweza kumharibia figo. Chokoleti ni sumu kwake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha na kumchoma tumbo. Mpe ugali na dagaa wake, naye atakuwa amesherehekea.

Je, wajua kwamba ule usemi wa mwaka mmoja wa mbwa kuwa miaka saba ya binadamu si kweli? Utafiti uliochapishwa 2020, uliopima vinasaba vya mbwa 104 aina ya Labrador, ulionyesha kuwa mbwa wa mwaka mmoja analingana na mtu wa miaka 31 hivi, na wa miaka minne ni kama mtu wa 53. Mbwa huzeeka mbio, kisha hupunguza mwendo.

Ndiyo maana kwa mbwa wa msasi wiki zina thamani kuliko miaka. Mimba ni siku 63 hivi. Macho hufunguka karibu na wiki ya pili. Watafiti Scott na Fuller, katika kitabu chao cha 1965, walionyesha kuwa kati ya wiki ya 3 na ya 12 mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wa kwao. Ukipitisha hapo bila kumshika, utafuga mbwa anayewaogopa watu.

Je, wajua wasasi hufundishaje? Kwanza mluzi: mmoja, usiobadilika, unaopigwa kila chakula kinapotengwa, mpaka mluzi wenyewe uwe chakula. Kisha kipande cha ngozi huburutwa kwenye nyasi asubuhi, umande ukiwa bado unashika harufu, na kufichwa kichakani. Mwanzoni hatua chache, baadaye mbali zaidi, na kwa kona. Akikipata asifiwe papo hapo; sifa ikichelewa hajui anasifiwa kwa nini. Kisha hufungamanishwa na mbwa mzoefu, na huyo ndiye mwalimu hasa. Fimbo hufundisha kitu kimoja tu: kumkimbia mwenye fimbo. Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, lakini ukali huo ni wa kazi, si wa kupigwa.

Je, wajua kwamba basenji, mbwa wa kuwindia kutoka Kongo, habweki kama wenzake, hivyo wawindaji humfunga njuga ya mti shingoni wasimpoteze msituni? Ukiingia kwenye kichaka cha Itigi, kilichosongamana hadi huoni hatua chache mbele, utaelewa faida ya njuga.

Je, wajua kwamba Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Mkalama, wana msaidizi mwingine asiyefugwa? Ni ndege mlembe. Humpigia mluzi, naye huwaongoza hadi penye mzinga wa nyuki.

Je, wajua kwamba Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 inakataza kuwinda kwa mbwa bila kibali? Ujuzi huo haujafa, umehamia upande mwingine: Usa River, Arusha, mbwa wamefundishwa kunusa pembe za ndovu na kuwanasa wanaozisafirisha.

Mwisho, mbwa apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni 28 Septemba, tarehe aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895. Kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyezaliwa siku hiyo, asubuhi mpelekeni mbwa kwa daktari wa mifugo, jioni kateni keki.