Kusoma Nyota katika Mabamba ya Kale

Waswahili wa pwani walilijua tangu zamani kundi la nyota liitwalo Kilimia, na jina lenyewe latokana na kulima. Methali yao yasema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Katika kundi hilo imo nyota moja ambayo wanafalaki huiita Pleione. Nyota hiyo nayo ina kuzama na kuzuka kwake, ijapokuwa si kwa namna ya kutambulika kwa macho matupu. Mwaka 1888 ilitambuliwa katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwamba mwanga wa Pleione una mistari ang'avu ya haidrojeni. Kufikia mwaka 1905 mistari hiyo ilikuwa imetoweka, na mwaka 1938 ikarejea.

Mabadiliko ya namna hii hayana ushahidi mwingine ila mwanga uliohifadhiwa siku ile ile ulipofika duniani. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nyota za aina hii zinavyotafutwa katika mabamba ya kale ya picha, na kwa nini kazi hiyo, licha ya kuwa ya sayansi, ni kazi ya usomaji.

1. Mwanga na mistari yake

Mwanga wa nyota ukipitishwa katika mche wa kioo hutawanyika ukawa utepe wa rangi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Utepe huo huitwa wigo. Katika wigo wa nyota nyingi huonekana mistari ya giza, kwa sababu gesi iliyo juu ya uso wa nyota hufyonza baadhi ya rangi. Lakini zipo nyota chache ambazo mistari yao ya haidrojeni hung'aa kuliko utepe wenyewe. Ya kwanza kujulikana ilikuwa Gamma Cassiopeiae, iliyotambuliwa na Padre Angelo Secchi huko Roma mwaka 1866.

Sababu ya mng'ao huo ni gesi iliyoizunguka nyota. Pleione, mathalan, ni nyota yenye joto kali nayo hujizungusha kwa kasi kubwa mno, hata gesi yake hutoka na kufanya duara bapa kiunoni mwake. Mwanga mkali wa nyota huzitenga elektroni na viini vya atomu za haidrojeni katika duara hilo. Elektroni zinaporudi, hushuka ngazi kwa ngazi, na kila hatua hutoa rangi yake maalumu. Hatua ya kutoka ngazi ya tatu hadi ya pili hutoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 656.3. Duara la gesi likitawanyika, mng'ao hutoweka. Likijengeka upya, mng'ao hurudi.

2. Jinsi bamba linavyosomwa

Kabla ya vyombo vya elektroniki, picha za anga zilipigwa juu ya mabamba ya kioo yaliyopakwa utando wenye chumvi za fedha. Mche mkubwa uliwekwa mbele ya lenzi ya darubini, na kwa njia hiyo kila nyota katika picha, badala ya kuwa nukta, ikawa utepe mfupi. Bamba moja liliweza kubeba mamia ya tepe kama hizo.

Msomaji wa bamba hana budi kukumbuka kwamba picha hiyo imegeuzwa: palipo na mwanga ni peusi, na palipo na giza ni peupe. Kwa hiyo mstari wa kawaida wa haidrojeni huonekana kama pengo katika utepe, na mstari ang'avu huonekana kama kifundo cheusi. Mabamba ya awali hayakuhisi rangi nyekundu, hivyo wasomaji walitegemea zaidi mstari wa nanomita 486.1, ulio kati ya buluu na kijani. Baadaye yalipopatikana mabamba yanayohisi nyekundu, mstari wa 656.3, ambao una nguvu zaidi, ukawa ndio alama kuu.

Si kila kifundo cheusi, hata hivyo, ni haidrojeni. Chembe ya vumbi au mkwaruzo huweza kumdanganya msomaji. Tepe za nyota mbili jirani huweza kupandana. Aidha, nyota nyekundu zenye joto dogo zina mapengo mapana ya molekuli, na sehemu iliyosalia kati ya mapengo mawili huweza kufanana na mstari ang'avu. Mwanachuoni aliyezoea miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu ataitambua shida hii mara moja, kwani nukta moja ndiyo itenganishayo ba na nun, na tone la wino huweza kujifanya nukta. Dawa ni ile ile: kulinganisha nakala. Msomaji hutafuta bamba jingine la sehemu ile ile ya anga, lililopigwa siku nyingine, na alama isiyoonekana katika yote mawili hutiliwa shaka. Lakini hapa yataka hadhari, kwa kuwa, kama Pleione ilivyoonyesha, yawezekana kwamba nyota yenyewe ndiyo iliyobadilika.

3. Wasomaji na orodha zao

Miongoni mwa wasomaji mashuhuri alikuwa Williamina Fleming, mzaliwa wa Dundee, Uskoti. Aliwahi kuwa mtumishi nyumbani kwa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha Harvard, kabla ya kuingia katika kazi ya mabamba mwaka 1881. Kwa jicho lake na kioo cha kukuzia aligundua nyota nova 10, na mistari ang'avu ya haidrojeni ilikuwa mojawapo ya dalili alizozifuata.

Bara la Afrika nalo lina sehemu yake katika historia hii. Kati ya miaka 1948 na 1951 Karl Henize alipiga picha za anga ya kusini huko Bloemfontein, Afrika Kusini, katika kituo cha Chuo Kikuu cha Michigan. Orodha yake ya nyota 1,929 zenye mng'ao wa haidrojeni ilichapishwa mwaka 1976. Mwaka uliofuata Bruce Stephenson na Nicholas Sanduleak walichapisha orodha nyingine ya nyota 455. Nyota ya 433 katika orodha hiyo haikuonekana kuwa na ajabu kuliko wenzake. Punde si punde ilidhihirika kwamba inatoa mikondo miwili ya gesi iendayo kwa kasi ya takriban robo ya kasi ya mwanga. Walioiandika nambari hiyo hawakujua walichokihifadhi.

4. Hatari ya kupotea

Kioo huvunjika, na utando huambuka. Mwezi Januari 2016 bomba la maji lilipasuka Harvard na kulowesha takriban mabamba 61,000. Mengine mengi yamenakiliwa kwa kompyuta, na kazi hiyo ina faida kubwa. Lakini ili kioo kinakilike vyema, alama za wino zilizoandikwa na wasomaji wa zamani zilipigwa picha kwanza, kisha zikafutwa katika mabamba mengi. Ilibidi kuchagua kati ya maneno ya nyota na maneno ya wasomaji wake, jambo ambalo wahariri wa miswada wanalijua vizuri.

Bamba lililopotea haliwezi kupigwa tena. Darubini ya leo, hata iwe kubwa namna gani, haiwezi kuuona mwanga wa Pleione wa mwaka 1888, kwa kuwa mwanga huo umekwisha kupita. Kilimia huzama na kuzuka kila mwaka, na aliyekikosa mwaka huu atakiona mwakani. Mng'ao ulioandikwa katika kioo ulipita mara moja tu, na kioo hicho ndicho nakala yake ya pekee.