Kuijaribu Programu ya Kompyuta: Mfano wa Malipo ya Kahawa Kilimanjaro

Mjini Moshi, katika chumba cha waonjaji wa kahawa, vikombe hupangwa mezani vikiwa na namba tu. Mwonjaji haambiwi kama kahawa iliyomo imetoka Machame, Marangu au Rombo, wala hatajiwi mkulima wake. Kila sampuli hukaangwa, husagwa na kumiminiwa maji ya moto katika vikombe kadhaa, kwa sababu punje moja ya buni iliyochacha huweza kuharibu kikombe kimoja na kuviacha vingine vikiwa safi. Mwonjaji huvuta kidogo kwa kijiko, huizungusha kinywani, hutema, kisha huendelea na kikombe kinachofuata. Anachotafuta ni kasoro, naye huitafuta kabla mnunuzi hajaigundua.

Kazi ya namna hiyo hufanywa pia juu ya programu, yaani mfululizo wa amri zinazoiongoza kompyuta. Aliyeitunga programu huwa na mwelekeo wa kuijaribu kwa mifano anayojua itafaulu, kama mzazi anayemsahihishia mwanawe mtihani. Mmarekani Glenford Myers, katika kitabu alichokitoa mwaka 1979, alishikilia kwamba jaribio lapasa kufanywa kwa nia ya kukuta makosa. Nia hiyo ndiyo inayoamua ni mifano gani itakayochaguliwa.

Mathalani, chama cha msingi cha ushirika kinataka programu ya kukokotoa malipo. Mkulima wa Kilimanjaro amezoea kulipwa kwa awamu: malipo ya awali anapopeleka kahawa yake ya maganda, na nyongeza baada ya mauzo. Tuseme bei ya awali ni shilingi 3,450 kwa kilo. Mtunzi anaijaribu programu kwa kilo 40, kisha kwa kilo 100, na majibu yote ni sahihi. Siku ya kazi mama mmoja anapima kilo 37.6. Anastahili shilingi 129,720, lakini programu inamwandikia 127,650, kwa kuwa ilitungwa ipokee namba nzima tu na kuitupa sehemu ya desimali. Shilingi 2,070 zimepotea bila mtu kuiba, na hati iliyopigwa chapa vizuri yaonekana ya kuaminika kuliko daftari la karani. Jaribio moja lenye desimali lingetosha kulifichua kosa hilo.

Makosa mengi hukaa mipakani. Ikiwa kanuni ya chama yasema kahawa yenye unyevu unaozidi asilimia 12 isipokelewe, hapana faida kubwa kujaribu 9 na 20. Yafaa kujaribu 11.9, 12 na 12.1, maana ni rahisi sana mtunzi kuandika “12 au zaidi” mahali palipotakiwa “zaidi ya 12”, na mkulima mwenye 12 kamili akarudishwa na gunia lake mlimani. Aidha hujaribiwa mambo ambayo mtu mwenye akili timamu hayatarajii: uzito wa sifuri, uzito ulioandikwa mara mbili, mkulima aliyefariki kati ya malipo ya awali na ya pili. Na kwa kuwa koo za Uchaggani ni kubwa, hapana budi kujaribu wanachama wawili wa kijiji kimoja wenye majina matatu yanayofanana kabisa. Mtunzi aliyekulia mbali na mlima hatalifikiria jambo hilo. Karani wa chama atalitaja kabla hajaketi.

Programu iliyofaulu mahali pamoja haijafaulu kila mahali. Namba nzima inayoweza kuwa chanya au hasi ikitengewa nafasi ya biti 16 haiwezi kupita 32,767. Hakuna kihamba kitakachotoa kilo nyingi kiasi hicho, lakini jumla ya chama huweza kupita hapo kwa msimu mmoja. Roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliangamia tarehe 4 Juni 1996 kabla dakika moja haijatimia tangu irushwe, kwa kosa la aina hiyo hiyo. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambayo mwendo wake haukuwahi kufikia namba kubwa namna ile, nayo haikujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya.

Hata hivyo jaribio lina ukomo wake. Mholanzi Edsger Dijkstra alieleza kwamba majaribio huweza kuonyesha kuwa makosa yapo, wala hayawezi kuthibitisha kuwa hayapo. Mwonjaji naye haonji gunia zima. Kwa hiyo kila kosa linalogunduliwa huandikwa daftarini pamoja na jibu sahihi lililokokotolewa kwa mkono, na programu ikiguswa, ijapokuwa kwa kubadili bei tu, mifano yote ya daftari hurudiwa tangu mwanzo. Mavuno ya mlimani huanza karibu na Julai; daftari hilo lapaswa kufunguliwa Juni, karani wa chama akiwapo.