Dawa Inayoponyoka Maabarani: Jinsi Mabaki ya Streptomisini Yanavyonaswa Katika Maziwa

Ng'ombe akiugua kiwele, sindano anayodungwa mara nyingi huwa na antibiotiki mbili kwa pamoja, penisilini na dawa ya jamii ya streptomisini. Zote mbili huweza kutokea katika maziwa. Viwango vya Codex, vinavyowekwa chini ya FAO na WHO, haviruhusu zaidi ya mikrogramu 4 za penisilini kwa lita moja ya maziwa, na mikrogramu 200 za streptomisini. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Maziwa ya ng'ombe mmoja aliyetibiwa yanaweza kuharibu tangi zima la chama cha ushirika. Mala hukataa kuganda, kwa sababu dawa huua bakteria wanaoigandisha. Na streptomisini ni dawa ambayo binadamu pia hutibiwa nayo kifua kikuu.

Vipimo vya haraka katika vituo vya kukusanyia maziwa huchukua dakika chache, lakini vingi vimetengenezwa kutambua jamii ya penisilini. Streptomisini inaweza kupita bila kuonekana. Ili kuipima kwa uhakika, sampuli hupelekwa maabara yenye mashine ya kromatografia.

Ndani ya mashine hiyo mna kolamu, yaani kibomba cha chuma kilichojazwa punje ndogo mno za silika. Punje za kolamu ya kawaida zimevishwa tabaka linalofanana na mafuta. Maji yaliyochanganywa na kiyeyushi husukumwa kwa shinikizo kubwa, na kila kemikali inayopenda mafuta hushikiliwa kwa muda wake kabla ya kutoka. Sumukuvu ya mahindi hupimwa vizuri kwa njia hii.

Streptomisini hupenda maji, si mafuta. Kwenye kolamu hiyo haishiki popote. Hutoka mara moja pamoja na chumvi na sukari za maziwa, na mashine haiwezi kuitenga.

Suluhisho mojawapo ni kugeuza mpangilio. Mwaka 1990 mwanasayansi Andrew Alpert aliipa jina njia inayofupishwa HILIC. Punje zake hazina mafuta, bali uso unaovuta maji. Kinachosukumwa ndani ni kiyeyushi kiitwacho asetonitraili kwa wingi, na maji kidogo tu. Maji hayo huzizingira punje kama utando mwembamba, na dawa inayopenda maji hujificha humo, ikachelewa na kutoka peke yake.

Njia hii ina masharti. Sampuli ikiingizwa ikiwa na maji mengi, dawa hutawanyika na kipimo huwa si cha kuaminika. Kolamu huhitaji muda mrefu kutulia kati ya sampuli. Hata chombo kina maana: streptomisini hunata kwenye glasi, kwa hiyo wapimaji hutumia vyombo vya plastiki.

Nyumbani hakuna kipimo cha namna hiyo, na kuchemsha maziwa si njia ya kuaminika ya kuondoa dawa hii. Mfugaji anashauriwa kuandika tarehe ya sindano ya mwisho, kumuuliza daktari wa mifugo muda wa kusubiri ulio kwenye chupa, na kumwaga maziwa yote ya muda huo, hata ya chuchu zisizougua. Ndama pia wasipewe.