Kaya Inatumia Zaidi: Je, Inaishi Vizuri Zaidi?



Kamati za usharika hutuuliza mara kwa mara: tutamtambuaje mwenye uhitaji? Wengi wetu huangalia nyumba au kipato. Lakini kipato cha kibarua au mama lishe hubadilika kila siku. Katika toleo hili tunapendekeza tuangalie matumizi ya kaya.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu hufanya hivyo katika Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya. Kaya huandika siku hadi siku vitu inavyotumia, pamoja na chakula ilicholima yenyewe. Mwaka 2011/12, kiwango cha chini cha mahitaji ya msingi kilikuwa shilingi 36,482 kwa mtu mzima kwa mwezi. Mwaka 2017/18 kilifikia shilingi 49,320, yaani nyongeza ya takriban asilimia 35. Hivyo, kaya iliyoongeza matumizi kwa asilimia 20 tu katika kipindi hicho ilitoa fedha nyingi zaidi, lakini ilirudi nyuma. Kwa Tanzania Bara, walio chini ya kiwango hicho walipungua kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4.

Tuangalie pia mgawanyo. Katika shilingi 49,320, chakula peke yake kilihesabiwa shilingi 33,748, zaidi ya theluthi mbili. Zilizobaki, 15,572, ndizo za pango, nauli, sabuni, dawa na madaftari.

Hapa ndipo Chamazi inapotufundisha. Wengi walihamia huku kufuata viwanja vya bei nafuu. Wengine walihamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari. Aliyejenga amepumzika kulipa pango, lakini kama riziki yake imebaki Kariakoo au bandarini, anapanda daladala kwenda na kurudi kila siku ya kazi. Nauli haipunguzwi. Kinachopunguzwa ni mboga, dawa, au mlo wa mchana.

Tena, mwenye fedha kidogo hununua kwa kupima: mafuta ya kula kidogo kidogo, mkaa kwa kopo. Tuchukulie gunia la mkaa linatoa makopo 40. Kama gunia ni shilingi 60,000 na kopo ni 2,000, anayenunua kwa kopo atalipa 80,000 kwa mkaa ule ule. Kadiri mtu anavyokosa, ndivyo anavyolipa zaidi.

Kwa hiyo tunaomba kamati, zinapotembelea kaya, ziulize:

1. Chakula kinachukua sehemu gani ya matumizi yote?
2. Nauli ya wiki ni kiasi gani?
3. Mwezi huu kaya imeacha kununua nini ilichokuwa ikinunua?

Swali la tatu lina uzito kuliko yote. Bila kuliuliza, tutampita mwenye nyumba ya bati ambaye watoto wake wanakula mara moja kwa siku.

Nanyi wafadhili wetu, mkiona kikundi kinaomba mtaji wa kununua mchele na mkaa kwa jumla ili wanachama wagawane, msilione ombi hilo kuwa dogo. Akiba inayopatikana hapo ndiyo inayorudisha mlo wa mchana.