Walinzi Ndani ya Punje (Sehemu ya Pili): Ulezi na Kizuizi Chake

Wiki iliyopita tulieleza jinsi vimeng'enya vinavyovunja wanga na protini katika utumbo wa mdudu kama vifanyavyo katika utumbo wetu. Leo tutazame namna punje inavyojihami.

Punje ya nafaka ni akiba ya mche utakaoota. Haiwezi kumfukuza fukusi ghalani, lakini yaweza kumnyima faida ya mlo wake. Ndani yake zimo protini ndogo zinazonasa vimeng'enya vya mlaji na kuvizuia kufanya kazi. Mdudu hula, ila chakula hakimeng'enywi ipasavyo, naye hudumaa.

Mfano bora ni ulezi, zao lililoanzia nyanda za juu za Afrika Mashariki kabla ya kuvuka bahari hadi India. Ni huko India ambako watafiti waliichambua protini moja ya punje hizo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1981. Ina asidi amino 122 tu, zilizofungamanishwa kwa vifungo vitano vya salfa. Ajabu yake ni kwamba huzuia vimeng'enya viwili: amilesi, inayovunja wanga, na tripsini, inayovunja protini.

Hufanyaje? Mwaka 1998 lilichapishwa umbo lake ikiwa imeshikamana na amilesi ya mbawakawa wa unga, Tenebrio molitor. Ncha yake moja huzama kwenye ufa ambamo wanga hukatwa, kama kijiti kilichochomekwa katika tundu la kufuli. Upande wake mwingine hubaki wazi kuishika tripsini. Hivyo protini moja yaweza kuvizuia vimeng'enya vyote viwili kwa wakati mmoja.

Je, uji wa ulezi una madhara? Hakuna sababu ya kuuacha. Kuotesha punje hupunguza nguvu ya vizuizi hivi, na kupika vilevile. Hatari iliyo dhahiri zaidi iko katika ngano: vizuizi vya amilesi vilivyomo kwenye vumbi la unga wake ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya waoka mikate. Mwenye tanuri asiyewapa wafanyakazi wake barakoa na hewa ya kutosha anahatarisha mapafu yao.

Wiki ijayo tutaigeukia shayiri, ambayo kizuizi chake hukizuia hata kimeng'enya cha shayiri yenyewe.