Sumukuvu: Istilahi ya maabara katika sikio la mkulima

MWAKA wa 2004, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki mashariki mwa Kenya, wilaya za Makueni na Kitui zikiumia zaidi. Walikuwa wamekula mahindi yenye aflatoksini. Swali langu leo ni la kiisimu: mkulima akilisikia neno hilo, anaelewa nini?

Jina lenyewe liliundwa maabarani. Herufi 'a' ni ya Aspergillus na 'fla' ni ya flavus, jina la kisayansi la kuvu inayoitoa sumu hiyo. Kwa mama anayepukuchua mahindi kule Mutomo, hizo ni kelele tu. Ndiyo maana napendelea 'sumukuvu', neno ambalo wenzetu wa Tanzania wamelizoea. Ukilisikia, unajua ni sumu na unajua imetoka wapi.

Hata hivyo, neno hili linaweza kupotosha. Mtu atadhani kwamba pasipo ukungu hapana sumu. La hasha! Punje safi machoni huweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuimalizi. Sharti mahindi yapimwe.

Vipimo vingi hutumia kingamwili. Hapa pia tuwe waangalifu. 'Kinga ya mwili' ni uwezo wote wa mwili kupambana na maradhi. 'Kingamwili' ni protini inayotambua kitu mahususi na kukinasa, mithili ya kufuli na ufunguo wake. Mwaka wa 1941, Albert Coons na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba kingamwili inaweza kupachikwa rangi ing'aayo, ikamulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, na mtafiti akaona iliponata. Sumukuvu nayo hung'aa yenyewe ikimulikwa hivyo: aina za B hutoa buluu, za G kijani. Basi katika kipimo kimoja, kingamwili huinasa sumu, kisha mng'ao wake hupimwa. Kenya inaruhusu mikrogramu 10 tu kwa kilo.

Sasa matokeo yametoka. Afisa anamwambia mkulima wa Kibwezi, "Mzee, sampuli yako ni chanya." Mzee anatabasamu. Kwani si tunasema mtazamo chanya, mchango chanya, mabadiliko chanya? Anarudi nyumbani, ugali unasongwa.

Afisa hakukosea kisayansi wala kisarufi. Amekosea msikilizaji wake. Maabarani 'chanya' ina maana ya kwamba kinachotafutwa kimepatikana; mtaani ina maana ya jambo jema. Maana hizi mbili zikigongana, anayeumia ni mlaji.

Pendekezo langu ni jepesi. 'Chanya' na 'hasi' zibaki kwenye ripoti za wataalamu. Mkulima aambiwe waziwazi: "Mahindi haya yana sumukuvu kupita kiwango. Msiyale, msiwape mifugo, msiyauze."