Umesoma Riwaya Gani? Swali la Matangani Ndalu

Desemba iliyopita nilikwenda Ndalu kumzika shangazi yangu. Ndalu, kwa msomaji asiyepajua, ni soko dogo lililo mpakani mwa Bungoma na Trans Nzoia, katika ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi na ambayo baada ya uhuru waligawiwa wananchi. Ni nchi ya mahindi. Usiku wa pili wa matanga, moto ukiwa umekokwa uani na wazee wamekwisha kumaliza habari za mbolea na bei ya gunia, mpwa wangu aliye chuo kikuu alitoa simu yake akaanza kutusomea orodha ya riwaya 100 ambazo, kwa mujibu wa aliyeituma, kila mtu aliyeelimika hana budi kuwa amezisoma.

Orodha za namna hii zina asili yake. Mwaka 2003 shirika la BBC liliwaomba Waingereza waipigie kura riwaya waipendayo kuliko zote, na The Lord of the Rings ya J. R. R. Tolkien ikaibuka ya kwanza. Baadaye zilizuka orodha nyingine, zikasambazwa pamoja na dai kwamba BBC inaamini mtu wa kawaida hajasoma zaidi ya vitabu sita katika hivyo 100. Shirika lenyewe halikusema hivyo, lakini uvumi huo uliwatia watu kiherehere cha kujihesabia, nami sikunusurika. Nilihesabu kimoyomoyo nikafika 31, nikajiona bingwa. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, ambaye tangu jioni alikuwa amejitanda blanketi akisikiliza tu, akaniuliza: "Na vyetu je, Daktari?"

Swali hilo likazunguka moto. Mwendeshaji bodaboda mmoja alisema amesoma Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora. Mama aliyekaa karibu naye alitaja Utengano ya Said Ahmed Mohamed. Kijana mwingine akataja Chozi la Heri ya Assumpta Matei, na mdogo wake, aliyemaliza shule majuzi, akataja Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Mwanamke wa makamo alijaribu kukumbuka jina, akasaidiwa, akasema ndiyo, ni Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani. Kila mmoja alitaja riwaya moja tu. Niligundua kwamba bila ya kumwuliza mtu umri wake ningeweza kuukadiria kwa kusikia jina la kitabu, maana kila mmoja alikuwa anataja kitabu teule cha mtihani wa KCSE alioufanya. Sikuwa nimeambiwa watu wa Ndalu wanapenda riwaya gani. Nilikuwa nimeambiwa walimaliza kidato cha nne lini.

Mtu wa isimu hawezi kulipita jambo kama hili bila ya kulitazama neno lenyewe. Kitenzi "kusoma" katika Kiswahili kina kazi mbili. Anayepitisha macho juu ya maandishi anasoma, na anayekwenda shule anasoma. "Fulani amesoma" haina maana kwamba amekamilisha kitabu, bali kwamba ana vyeti. Jirani zetu Waganda wana "okusoma" yao iliyobeba mzigo mzito zaidi, kwani katika karne ya 19 waongofu wa kwanza wa Buganda waliitwa "abasomi", na kusoma kulikuwa pia ndiyo kusali. Kwa hiyo unapomwuliza Mkenya amesoma riwaya gani, masikio yake husikia swali la shule. Wanafunzi wetu wamekwenda mbali zaidi: wao hawasemi hata "tulisoma Utengano", husema "tulifanya Utengano", maana waliyoiazima kutoka Kiingereza. Kitabu hufanywa kama hesabu. Kikishafanywa, kimekwisha.

Nilimgeukia yule mwendeshaji bodaboda, nikamwuliza habari za Kidagaa Kimemwozea. Nchi inayosimuliwa inaitwaje? Tomoko, akajibu pasipo kusita. Majisifu alitenda nini? Hapo alinyoosha mgongo, akanijibu kana kwamba ameshika kalamu: "Majisifu anawakilisha wasomi wanaoiba kazi za wengine. Hoja ya pili..." Nikamkatiza. Nilitaka kujua ni wapi alicheka na ni wapi alisikitika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa unyofu uliotuchekesha sote: "Kusema kweli, Daktari, kitabu chenyewe sikuwahi kukimaliza. Nilisoma mwongozo."

Kuna kejeli hapa ambayo marehemu Walibora angeifurahia. Katika riwaya hiyo Amani anaandika mswada, na Mwalimu Majisifu anautwaa na kuuchapisha kwa jina lake. Kisa cha kazi inayotenganishwa na mwandishi wake kimewafikia wasomaji wengi kupitia kijitabu kilichoandikwa na mtu mwingine, kikiwa kimepangwa dhamira kwanza, wahusika pili, mbinu za lugha tatu. Wengine hawakupitia hata huo mwongozo. Waliitazama riwaya ikiigizwa na vikundi vinavyozunguka shuleni, wakatoka ukumbini wakiamini wameisoma. Siwabezi waigizaji hao, kwani kwa shule ya mashambani pengine hiyo ndiyo tamthilia pekee itakayoonekana mwaka mzima.

Wala siwanyoshei walimu kidole. Nimewahi kuingia darasani nikakuta wanafunzi zaidi ya 40 wakigawana nakala sita, na mwalimu akiwa na mihula michache tu ya kumaliza riwaya, tamthilia na hadithi fupi pamoja na isimu jamii na fasihi simulizi. Mwalimu wa namna hiyo akiwaambia wanunue mwongozo, nitasemaje?

Mwalimu wetu mstaafu yeye alikuwa na jibu la aina nyingine. Alipofikiwa na zamu hakutaja kitabu kimoja, alimwaga majina. Alimtaja Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla aliyeanza kazi katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, na Kisima cha Giningi kilichofuata. Akamtaja Willy Gamba wa Elvis Musiba, na jinsi Kufa na Kupona ilivyopita mikono ya walimu wote wa shule yake hadi ikapotea njiani. Alisoma Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi akiwa kijana, tena kwa kuificha, maana ilikuwa na sifa mbaya; kule Tanzania iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Akachanganya humo James Hadley Chase na vile vitabu vya Pacesetters vya Macmillan, bila ya kuona haya hata kidogo. "Hakuna aliyetutahini," alisema. "Ulikuwa unasoma kwa sababu mwenzako amekwambia hutalala."

Nakiri kwamba nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nilivibeza vitabu hivyo, kama ilivyokuwa desturi yetu. Tuliviita fasihi pendwa kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa, kana kwamba kupendwa ni kasoro. Lakini mzee huyu ambaye hakwenda chuo kikuu alikuwa amesoma riwaya nyingi za Kiswahili kuliko wengi wa wanafunzi ninaowatahini mwisho wa mwaka. Alinikumbusha pia jambo ambalo sisi huliacha nje ya mihadhara: mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa na haukufunguliwa hadi 1983. Riwaya nyingi alizozipenda zilitoka upande wa pili wa mpaka huo, naye anasema vitabu vilianza kuadimika. Miaka miwili tu baadaye, 1985, ukaja mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima lenye mtihani, na riwaya ikapata mlango mpya wa kuingilia Ndalu. Mlango huo ulikuwa mpana, lakini ulikuwa mmoja.

Hata hivyo kuna riwaya moja iliyotajwa usiku ule na watu wa marika yote, pamoja na wale ambao haikuwa kitabu chao cha mtihani. Ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Mwalimu mstaafu ameisoma. Yule mdogo wa Nguu za Jadi ameisoma. Mwanamke wa Mwisho wa Kosa ameisoma, na alipoitaja sauti yake ilibadilika.

Sababu mojawapo haihitaji uchambuzi. Kongowea Mswahili, kijana aliyelelewa Tanga na mama aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, anaanza safari ya kumtafuta baba asiyemjua, na safari hiyo inamfikisha Kitale. Msomaji wa Nairobi hawezi kujua uzito wa jambo hili. Sisi tuliokulia huku tulizoea kwamba Kiswahili cha vitabuni kinatoka mbali, kwa watu wa kanzu na majahazi, na kwamba wajibu wetu ni kukihifadhi akilini tusije tukachekwa. Ghafla tukafungua kitabu tukakuta shujaa mwenyewe ametoka pwani, kilicho kitovu cha lugha, anakuja kwetu kutafuta asili yake. Safari ya lugha tuliyofundishwa ilikuwa imegeuzwa.

Na aliyeigeuza alikuwa jirani. Walibora alikulia Trans Nzoia, Mbukusu ambaye hakurithi Kiswahili kutoka kwa mama yake. Kumwita shujaa wake "Mswahili" lilikuwa tendo la ujasiri, na wala hakuwa wa kwanza kuingia nyumba hii kwa mlango wa nyuma: Kezilahabi naye alizaliwa Ukerewe, akalelewa na Kikerewe. Walibora alipofariki kwa kugongwa na matatu jijini Nairobi tarehe 10 Aprili 2020, nchi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, na alizikwa kwao Trans Nzoia huku waliotamani kumsindikiza wakibaki makwao. Motoni pale Ndalu walikuwepo watu ambao hawakuwahi kumwona, na walimtaja kama mtu anavyomtaja binamu.

Hapo ndipo ninapokwama, na afadhali nikiri. Nimetumia aya kadhaa kuulalamikia mtihani, ilhali ni mtihani huohuo ulioileta Siku Njema Ndalu. Isingeteuliwa kuwa kitabu cha shule, ni duka gani la Ndalu lingeiweka rafuni kando ya chumvi na betri? Kitabu kililetwa kwa lazima, kikabaki kwa mapenzi. Vingine vililetwa kwa lazima iyo hiyo vikaondoka na mwaka wake, na si kwa ubaya wake. Utengano ni riwaya nzito ambayo ningeiweka juu ya nyingi. Kwa hivyo siwezi kusema lazima huua mapenzi, wala siwezi kusema huyazaa.

Ninalouliza ni nini kitakachotokea sasa. Katika mtaala mpya wa umilisi, Fasihi ya Kiswahili imewekwa katika sekondari pevu kuwa somo la kuchagua. Walioichagua huenda wakasoma vizuri zaidi kuliko watangulizi wao, kwa kuwa wameipenda. Lakini yule atakayechagua umeme au kilimo, na ambaye miaka kumi iliyopita angelazimika angalau kukishika Kidagaa mkononi, atakutana wapi na riwaya? Wale waliokuwa wakibadilishana Musiba wamezeeka. Ukitaka kitabu cha hadithi kisicho cha shule sharti upande matatu hadi Kitale au Bungoma, na huko nako rafu za mbele zimejaa miongozo. Tukilifungua lile lango moja la shule kwa wachache tu, inafaa kwanza tuwe tumetoboa jingine, na mimi sijaliona bado. Maktaba ya kata, sanduku la vitabu kanisani, kona ya riwaya katika duka la mwalimu mstaafu, lolote kati ya hayo lingenituliza.

Asubuhi, watu walipokuwa wakiaga, yule mwanamke wa makamo alinijia akiwa na kitu kilichofungwa kwa leso. Ilikuwa Siku Njema isiyo na jalada, kingo zake zimekuwa nyeusi kwa vidole. Aliinunua mdogo wake, ambaye kwake ndiyo iliyokuwa kitabu cha mtihani. Kisha ikapita kwa mke wa kaka, kwa watoto wa jirani, ikamrudia. Kurasa za mwisho hazikuwemo. Zilikuwa zimeng'oka, alisema, hata kabla haijafika kwake.

"Nimeisoma mara tatu, Daktari, na kila mara inanikatikia palepale. Mwishowe inakuwaje?"

Mpwa wangu, ambaye alikuwa ameufanyia mwongozo kazi nzuri enzi zake, alifungua kinywa kumweleza. Nilimfinya mkono. Wiki iliyofuata nilinunua nakala mjini, nikaifunga gazetini na kumkabidhi dereva wa matatu ya Ndalu. Alinipigia simu siku mbili baadaye kunishukuru, nikamwuliza kama amekwisha kufika mwisho. Akasema bado, ameanza tena mwanzo.